Masjala ya Ghorofa ya Chini

Aliingia na theluji mabegani,
Ardith Kozee wa bonde la Sukey,
mkononi mkebe wa mafuta ya nguruwe
ulioisha mafuta tangu enzi za vita.
Ndani, kitambaa. Ndani ya kitambaa, karatasi
iliyokunjwa mara nyingi hata mikunjo
imekuwa mipaka yake ya pili.

"Babu alinunua. Hakuandikisha.
Mto ulifurika, daraja likachukuliwa,
kisha ng'ombe wakaugua, kisha yeye.
Basi nimekuja mimi."
Alisema kana kwamba amechelewa dakika kumi.

Nilisoma kwa sauti, ndivyo nilivyofundishwa:
*Kuanzia mwaloni mweupe wenye alama tatu,
chini ya barabara; kaskazini nyuzi kumi na saba,
fito arobaini na mbili, hadi jiwe
lililo mbele ya kibanda cha Elzie Prater;
kisha kufuata kijito jinsi kinavyopinda
hadi mahali pa kuanzia.*

Mwaloni ulipigwa na radi. Kibanda kimeoza.
Kijito nacho kilihama mwaka ule makampuni
yalipokata kichwa cha mlima na kukimwaga bondeni.
Hati peke yake haijahama.

Faharasa ya wauzaji iko kushoto, ya wanunuzi kulia.
Vitabu vizito kama mtoto aliyelala.
Miaka thelathini na mmoja nimevibeba,
mgongo wangu unaijua kila herufi:
P iko rafu ya chini kabisa, sharti upige magoti.
Nilipiga magoti.

Prater, Elzie, na mkewe Lourana.
Kitabu cha thelathini na nane, ukurasa wa mia mbili na tisa.
Mwaloni uleule. Alama zilezile tatu. Fito arobaini na mbili.
Mnunuzi mwingine.
Miezi minne baada ya babu yake kulipa
(nyumbu mmoja na dola themanini, hati yasema)
Elzie aliuza tena, na huyu wa pili
alikuwa na daraja jipya.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hii ilikuwa na daftari.
La mtu mwingine.

Ukutani kuna kibao, nimekipangusa vumbi mara elfu:
KARANI HATOI USHAURI WA SHERIA.
Siruhusiwi kusema: tafuta wakili.
Siruhusiwi hata kusema: pole.
Kazi yangu si kutaja ardhi ni ya nani.
Kazi yangu ni kuandika kwamba fulani alikuja,
siku fulani, saa fulani, akasema ni yake.

Nikakiweka kitabu mezani, wazi,
nikakigeuza kimwelekee yeye,
nikaenda kujaza kikombe cha kahawa
ambacho tayari kilikuwa kimejaa.
Mwenye macho haambiwi tazama.

Niliporudi, kidole chake
kilikuwa kimesimama juu ya jina.
Theluji mabegani ilikuwa maji.
"Wajukuu wa Elzie," akasema,
"hutuletea asali kila Krismasi."

Akakaa kimya.
Bomba la joto likagonga mara mbili ukutani.
Kisha akafungua pochi, akahesabu dola hamsini,
noti za tano tano, akizinyoosha moja moja.
"Andika hivyo hivyo."

"Bi Kozee..."

"Sikukuuliza ni ya nani. Nimekuja kuandikisha."

Mhuri wetu mkongwe, hukwama kwenye tano.
Niliupiga kwa ngumi.
Saa tano na dakika arobaini na mbili asubuhi,
kitabu cha mia nne na kumi,
nyuma ya foleni ya miaka zaidi ya sabini.

Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani,
akafunga mkebe. Mlangoni akageuka.
"Ule mwaloni ulikuwa juu ya barabara, si chini.
Niliupanda nikiwa mtoto. Elzie alikosea.
Andika na hilo."

Fomu haina nafasi ya hilo.
Nililiandika pembeni, kwa penseli.